Fidia ya Ekari


Mwaka 2020, korona ilipofunga shule na hoteli za Marekani, wafugaji walimwaga maziwa. Serikali ya huko ikatenga dola bilioni 16 kuwafidia wakulima, kupitia ofisi za kilimo za kaunti.

Katika awamu ya pili, Septemba, mahindi yalilipiwa angalau dola 15 kwa ekari. Kipimo cha haki, ati, ekari ni ekari! Basi ekari 10 zilistahili walau dola 150. Ekari 10,000, dola 150,000. Kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu, lakini kampuni ya wanahisa watatu wanaoshiriki kazi iliweza kupokea 750,000.

Na kibarua mkamua ng'ombe? Hakuwa na mali shambani, hivyo hakuwa na fomu ya kujaza.