FEDHA ZIPO NA MIKUTANO IPO: WAJIBU WA KATIBU WA CHAMA KWA WANACHAMA WENYE ULEMAVU

(Maneno ya hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika kila ofisi ya chama cha msingi kuna jalada la barua zinazoingia. Humo zimo barua za bei, za pembejeo, za ukaguzi na za mikutano. Mara kwa mara huingia pia barua ya namna nyingine: tangazo la Halmashauri kuhusu mikopo ya vikundi vya watu wenye ulemavu, au mwaliko wa semina ya watu hao. Kwa kuwa barua hiyo haitaji kahawa, pamba wala korosho, huwekwa chini ya nyingine. Siku inapotolewa, tarehe yake imekwisha pita. Hakuna aliyekusudia ubaya; lakini mwanachama amekosa haki yake kwa sababu karatasi ililala.

Hotuba hii inahusu karatasi hizo: zinatoka wapi, zinaleta nini, na katibu wa chama anapaswa kuzifanyia nini.

Kutoka matunzo hadi haki

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata, 1982, Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili: moja ya ajira ya watu wenye ulemavu na nyingine ya matunzo yao. Ni mwaka huo huo ilipopitishwa sheria ya kurudisha vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976. Hivyo mkulima alirudishiwa chombo chake cha kujitetea katika mwaka ule ule ambao mtu mwenye ulemavu aliandikiwa sheria zake za kwanza.

Tofauti ilikuwa moja. Mkulima alirudishiwa sauti. Mtu mwenye ulemavu aliandikiwa zaidi habari ya kutunzwa. Ilichukua muda kulirekebisha jambo hilo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria Na. 9, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria ya ajira ya mwaka 1982 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 atenge nafasi 2 katika kila 100. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi ahakikishe kuwa wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Chama kikuu chenye kiwanda cha kukoboa au kuchambua, na maghala yenye vibarua na makarani, ni mwajiri kama waajiri wengine. Yafaa kijihesabu.

Upande wa ushirika wenyewe, kanuni ya kwanza kati ya zile 7 zinazofuatwa na wanaushirika duniani ni uanachama wa hiari na ulio wazi kwa wote, bila ubaguzi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika Tanzania, kati ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 wana ulemavu wa namna fulani. Kwa hiyo chama chenye wanachama 400 kikisema hakina hata mmoja mwenye ulemavu, huenda ama hakijawatazama wanachama wake vizuri, ama mlango wake una kizingiti kirefu.

Fedha zilizo karibu

Fedha ya kwanza kuifahamu haiko ng'ambo. Iko makao makuu ya Halmashauri. Tangu Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kila Halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, asilimia 4 ya vikundi vya vijana, na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kwa kuwa marejesho yalikuwa yakipotea na baadhi ya vikundi vilikuwa vya majina tu. Mwaka 2024 mikopo ilirudishwa kwa kanuni mpya, na Halmashauri 10 zikateuliwa kuitoa kwa kupitia benki.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Halmashauri ambayo mapato yake yanayohesabika kwa ajili hiyo ni shilingi bilioni 2 inapaswa kutenga shilingi milioni 40 kwa watu wenye ulemavu peke yao katika mwaka mmoja. Fedha hizo zaweza kununua mashine ya kusaga, mizinga ya nyuki, vyerehani au kuku wa kuanzia kwa vikundi kadha wa kadha. Lakini fedha haimfuati mtu nyumbani. Kikundi hutakiwa kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, akaunti ya benki na mpango wa biashara ulioandikwa. Njia huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mtu asiyeona, au kiziwi ambaye hakupata bahati ya shule, akiachwa peke yake mbele ya karatasi hizo atarudi nyumbani mikono mitupu. Katibu wa chama anaziandika karatasi za namna hiyo kila msimu. Kwake si kazi ngeni.

Hapa ndipo ushirika una la kutoa ambalo Halmashauri haina. Mkopo usio na riba bado ni deni, na kikundi kikipata deni bila soko kitaanguka. Chama cha msingi kina mizani, kina ghala, kinajua bei na kinamjua mnunuzi. Kikundi kilicho ndani ya chama, au kando yake, kinaweza kuuza mazao yake kwa njia ya chama na kulipa deni kwa ridhaa yake kilichoiandika chenyewe. Bila ridhaa hiyo ya maandishi chama kisikate hata senti.

Fedha zilizo mbali

Zipo pia ruzuku za mashirika ya nje. Mathalani, Abilis ni mfuko ulioanzishwa Ufini mwaka 1998 na watu wenye ulemavu wenyewe, nao husaidia miradi midogo ya vikundi vya wenzao katika nchi zinazoendelea. Disability Rights Fund, wenye makao Marekani, ulianza mwaka 2008, nao hutoa ruzuku kwa vyama vya watu wenye ulemavu vinavyotetea haki zao.

Mifuko ya namna hii ina sharti moja linalofanana, na makatibu wengi hawalijui: anayetakiwa kuomba ni kikundi kinachoongozwa na watu wenye ulemavu. Chama cha ushirika kikiomba kwa jina lake kwa niaba yao, kinaweza kukosa sifa, na kikundi kikakosa fedha. Kwa hiyo chama kisitangulie mbele. Kikae ubavuni: kitoe barua ya kuwatambua, kikopeshe chumba cha mkutano, kimtoe mtunza hesabu wake awafundishe kuandika daftari la fedha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtoa ruzuku kwanza hutaka kuliona daftari.

Tena kuna hadhari tatu. Kwanza, mtu akija ofisini akasema anayo njia ya kupata ruzuku na anataka ada ya fomu, akataliwe. Fomu ya mkopo wa Halmashauri na ya mfuko wa kweli hainunuliwi kwa wakala njiani. Pili, majina ya wanachama wenye ulemavu yasitumiwe kama ngao. Imewahi kutokea mahali pengi watu wazima wa viungo wakaunda kikundi, wakamweka mmoja mwenye ulemavu awe mwenyekiti wa karatasi, wakagawana fedha, naye deni likamwangukia. Katibu anayegonga muhuri kwenye ombi la namna hiyo ameshiriki wizi. Tatu, ruzuku na mkopo vitenganishwe waziwazi tangu siku ya kwanza, kwa maneno au kwa lugha ya alama, mpaka kila mmoja aelewe kipi kitarudishwa na kipi hakirudishwi.

Mikutano na siku za kukumbukwa

Wapo wanaosema mikutano ni maneno matupu. Si kweli kwa jambo hili. Mkutano wa Kilele wa Dunia kuhusu Ulemavu ulifanyika mara ya kwanza London mwaka 2018, na Kenya ilikuwa mmoja wa wenyeji wake pamoja na Uingereza. Wa pili ulifanyika mwaka 2022 chini ya Norwe na Ghana. Wa tatu ulifanyika Berlin mwaka 2025 chini ya Ujerumani na Yordani, na katika tamko lake likawekwa lengo kwamba angalau asilimia 15 ya programu za maendeleo za kimataifa katika kila nchi ziwe na shabaha ya kuwashirikisha watu wenye ulemavu. Neno lililosemwa Berlin litafika kijijini kwa sura ya mradi wa kilimo au wa maji. Siku hiyo maafisa watauliza: je, wanachama wenye ulemavu wako wapi, na orodha yao iko wapi? Chama chenye orodha kitajibu siku hiyo hiyo.

Hapa nchini, kituo cha kuanzia ni vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe, kama vile Chama cha Wasioona, Chama cha Viziwi na Chama cha Watu Wenye Ualbino, na shirikisho lao, SHIVYAWATA. Siku zao zijulikane na ziandikwe ukutani ofisini: tarehe 13 Juni, siku ya uelewa kuhusu ualbino, tarehe 23 Septemba, siku ya lugha za alama, tarehe 15 Oktoba, siku ya fimbo nyeupe, tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, iliyoanzishwa mwaka 1992. Kwenye maadhimisho hayo aghalabu maafisa, wafadhili na mafundi wa vifaa hukutana mahali pamoja. Na ushirika una siku zake: Jumamosi ya kwanza ya Julai ni Siku ya Ushirika Duniani, na tarehe 8 Agosti ni Nane Nane. Banda la chama kwenye Nane Nane likiwa na meza ya kikundi cha wanachama wenye ulemavu, mnunuzi ataona bidhaa kabla ya kuona ulemavu.

Jambo moja la hesabu husahauliwa daima. Mjumbe asiyeona husafiri na msindikizaji: hizo ni nauli mbili na malazi ya watu wawili. Mjumbe kiziwi huhitaji mkalimani wa lugha ya alama. Mjumbe wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda kila gari. Gharama hizi zisipoingizwa katika makisio ya mwaka yanayopitishwa na Mkutano Mkuu, mwaliko utakuja na hakuna atakayekwenda. Au atakwenda mtu mwingine, kisha arudi na taarifa isiyowahusu walioalikwa.

Pingamizi linalostahili jibu

Wako wanachama wema watakaosema: chama ni biashara ya wakulima, si nyumba ya sadaka. Neno hilo lina ukweli, na jibu lake ni la biashara. Mwanachama mwenye ualbino anayesimama saa nne katika jua akingoja mizani, mwisho atauza shambani kwa mlanguzi ili aiokoe ngozi yake. Kilo zake zimekipotea chama. Kivuli cha mabati manne mbele ya mizani kingezibakiza. Mwanachama asiyeona anayewekewa dole gumba kwenye stakabadhi asiyosomewa hatakiamini chama, na jirani zake wanaoona jambo hilo nao hawatakiamini. Kusomewa kwa sauti uzito na bei mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe hakugharimu chochote. Kiziwi aliyeketi katika Mkutano Mkuu tangu asubuhi hadi jioni bila kuelewa neno amehesabiwa katika akidi, lakini hakushiriki. Akidi ya namna hiyo ni ya udanganyifu, hata kama mkaguzi hataiona.

Sadaka ni kumpa mtu kwa kuwa hana. Haya yaliyotajwa ni kumlipa mtu kilicho chake: hisa alizonunua, mazao aliyoleta, kura anayoimiliki.

Yapasayo kufanywa

Ndugu Makatibu, kabla ya Mkutano Mkuu ujao mambo manne yanawezekana bila kungoja amri. Liandikwe daftari la wanachama wenye ulemavu kwa ridhaa yao, likionyesha kila mmoja anahitaji nini ili ashiriki. Lifunguliwe jalada la peke yake kwa barua za mikopo, ruzuku na mikutano yao, na kila barua inayoingia isomwe kwa wahusika katika muda wa siku 7. Iende barua kwa Afisa Maendeleo ya Jamii kuuliza ni kiasi gani kilichotengwa mwaka huu kwa ile asilimia 2, na ni vikundi vingapi vya kata hii vilivyoomba. Jibu lake lisomwe mkutanoni. Na makisio ya mwaka yawe na fungu la msindikizaji na mkalimani, hata likiwa dogo.

Wanachama wenye ulemavu nao wana wajibu wao. Wasingoje kuitwa. Waingie ofisini, waliulizie jalada hilo kwa jina, na wakiambiwa halipo, walisimamishe jambo hilo kwenye Mkutano Mkuu chini ya mengineyo, liandikwe katika muhtasari. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na jambo lililokwisha kuandikwa katika muhtasari haliwezi tena kulazwa chini ya karatasi nyingine, kwa maana mkutano unaofuata utaanza kwa kulisoma.