Haki ya Mtoto Asomaye kwa Kusitasita

 



Neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume lilikuwa amri ya kusoma. Kwa hiyo hakuna Mwislamu ahitajiye kuelezwa thamani ya kusoma. Liulizwalo leo ni jambo jingine: humfika nini mtoto ambaye wenzake wamekwisha kusoma, naye angali akisitasita?

Mara nyingi humfika fimbo, au kicheko, au kuitwa mjinga mbele ya wenzake. Siku ya pili huja na hofu, na hofu humfunga ulimi. Baadaye haji tena. Lakini wamepokea Bukhari na Muslim, kutoka kwa Bibi Aisha, kwamba asomaye Kurani kwa kusitasita na kwa taabu ana ujira mara mbili. Basi ni adabu gani hii, aliyeahidiwa ujira mara mbili kulipwa fimbo na mwalimu wake?

Yafaa kwanza kuifahamu taabu yenyewe. Mtoto wa Buyenzi, mjini Bujumbura, huzungumza Kiswahili nyumbani. Chuoni husoma Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, na huko herufi za ba, ta na tha zina umbo moja, hutengwa na nukta tu. Shuleni huanza kwa Kirundi, kutoka kushoto kwenda kulia, na hapo b na d ni kama umbo moja lililogeuzwa upande. Kisha huja Kifaransa, ambacho e, a na u zikiandikwa pamoja husomwa o tu. Akoseaye katika njia panda kama hizi si mjinga. Amepotea njia, na aliyepotea huonyeshwa njia, hapigwi.

Na njia ipo. Kiswahili na Kirundi huandikwa kwa irabu tano zilezile, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Mtoto na ajifunze kwanza sauti ya herufi kabla ya jina lake. Kisha ba, be, bi, bo, bu. Kisha baba, babu, bibi. Kisha sentensi fupi aielewayo. Akiisha kuimarika hapo, lugha ngeni itamkuta ana msingi.

Liko jambo liwadanganyalo walimu na wazazi: kuhifadhi hufanana na kusoma. Mtoto aliyesikia sura mara nyingi huweza kuitamka yote, na kidole chake kiko mstari mwingine. Hifadhi ni neema kubwa, lakini siyo kusoma. Apimwe kwa ukurasa asioujua. Hivyo ndivyo ulivyofanya upimaji wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2009, katika nchi za jirani za Kenya, Tanzania na Uganda. Watoto walisomeshwa majumbani mwao herufi, maneno, aya na hadithi fupi; ikaonekana kuwa wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Walikuwa wakihudhuria shuleni, ila somo lilikuwa limewapita.

Wakiisha kupimwa, wapangwe kwa kadiri wasomavyo, si kwa umri wala kimo. Nchini India shirika la Pratham limeifuata njia hii: wa herufi hukaa na wa herufi, wa maneno na wa maneno, na apandaye huhamishwa. Jambo hili halidai majengo. Nusu saa baada ya Alasiri, ubao, chaki, na mwalimu mwenye subira hutosha kuanzia.

Wazazi nao wana fungu lao. Mama asiyejua kusoma aweza kumwambia mwanawe, "Nisomee," akamsikiliza hata mwisho. Na mtoto akunjaye uso atazamapo ubao apimwe macho kabla haijalaumiwa akili yake.

Basi kila mwalimu, arudipo darasani, amtazame yule aketiye nyuma kabisa, asiyeinua mkono. Huyo ndiye mwenye ujira mara mbili. Na amsogeze mbele.

Mwenyezi Mungu awajaalie walimu subira, na watoto ufahamu. Amin.