Andika Kwanza, Mtandao Utafuata

Haya ni maneno ya mada iliyotolewa na Afisa Habari mbele ya watendaji wa kata na vijiji pamoja na wakazi. Tunayachapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandaa habari na matangazo ya huduma kwa kompyuta pasipo kutegemea mtandao. Huenda mkulima wa maharage wa Makere au Mabamba akajiuliza jambo hili linamhusu nini. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwani ndilo lililonifundisha kwamba linamhusu sana.

Katika kituo changu cha kwanza cha kazi nilipewa tangazo la mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Nilifungua tovuti nikaanza kuandika humo humo. Baada ya saa mbili umeme ukakatika. Uliporudi, ukurasa ulinitaka niingie upya, na maandishi yote yalikuwa yamepotea. Kesho yake niliandika tena kwa haraka, nikitegemea kumbukumbu. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa tarehe 15. Mimi nikaandika tarehe 25.

Tarehe 20 walifika akina mama wa kikundi kimoja. Walikuwa wamechanga nauli ya bodaboda na kubeba katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na barua ya mtendaji. Waliambiwa dirisha limefungwa. Mmoja wao alinionesha tangazo langu kwenye simu yake, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si ninyi mlioandika hivi?" Sikuwa na jibu. Walisubiri awamu iliyofuata, na msimu wa kupanda haukuwasubiri.

Ndugu zangu, umeme ulikatika, lakini kosa halikuwa la umeme. Lilikuwa la mwandishi aliyekubali kazi yake yote ikae mahali pasipo na akiba.

Sisi wa nyanda hizi tunaijua hali hiyo. Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilitegemea mashine za dizeli za TANESCO kabla ya kufikiwa na gridi ya Taifa. Hata leo radi za masika huzima taa, na bonde likiwa refu mtandao hupungua nguvu. Hivyo tusipange kazi zetu kana kwamba mtandao haukatiki.

Mwezi Machi mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa kwa pamoja mjini Dodoma, zikiwa zimejengwa kwa mfumo mmoja. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Tunayo haki, na tunacho chombo. Kinachobaki ni utaratibu wa kazi, na utaratibu huo una hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kuandika ndani ya kompyuta, nje ya mtandao. Tumia programu yoyote ya kuandikia. LibreOffice hupatikana bila malipo. Vijana wetu wafahamu pia kwamba Kiswahili si mgeni katika kazi hii: mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Na kijana mwenye blogu yake anaweza kutumia Open Live Writer, programu iliyotolewa mwaka 2015 kutokana na Windows Live Writer ya Microsoft. Huandika makala nje ya mtandao, huyapanga na picha zake, kisha huyatuma mara moja mtandao ukipatikana. Azingatie tu masharti ya TCRA kuhusu maudhui ya mtandaoni. Kila baada ya aya moja, bonyeza Ctrl na S. Kazi ya sekunde moja huokoa kazi ya saa mbili.

Hatua ya pili ni kulipa faili jina linaloeleweka. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Faili liitwalo "tangazo jipya la mwisho kabisa" halimsaidii mtu. Anza na mwaka, mwezi, siku, kisha mada: 2024-03-05-chanjo-ya-mifugo. Kompyuta yenyewe itayapanga kwa tarehe. Kisha tenga folda tatu: Rasimu, Zilizohakikiwa na Zilizochapishwa. Faili lisihame folda ya kwanza kabla mkuu wa idara husika hajalisoma na kukubali kila tarehe, kiasi na jina la mahali. Kama ningekuwa na folda hizo, ile tarehe 25 isingetoka.

Hatua ya tatu ni kupunguza picha. Picha ya simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Kwa mtandao hafifu wa kilobiti 128 kwa sekunde, picha hiyo itachukua zaidi ya dakika nne kupanda. Ipunguze hadi kilobaiti 200 kabla ya kuituma. Itapanda kwa sekunde zipatazo 13. Faida ni yako unayetuma, na pia ni ya mwananchi anayeifungua kwa kifurushi alichonunua kwa fedha yake.

Hatua ya nne ni kutunza nakala. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi isiyotoka ofisini ovyo, maana flashi inayozunguka steshenari zote za mjini hurudi na virusi.

Hatua ya tano ni kupandisha tangazo na kulisoma upya likiwa tayari kwenye tovuti. Linganisha tarehe zake na barua ya idara. Usiondoke mezani kabla ya kufanya hivyo.

Zipo faida mbili nyingine. Kwanza, maandishi yaliyokamilika ndani ya kompyuta hutumika mara nyingi: hupigwa chapa na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, husomwa kwenye mkutano wa hadhara, hupelekwa redioni, hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji. Bibi asiye na simu janja anasoma maneno yale yale anayosoma mjukuu wake. Pili, muda wa kuhakiki hutupa nafasi ya kulinda siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuwe waangalifu; orodha yenye namba za simu au hali ya afya ya mkazi haistahili kurushwa hovyo.

Kwenu wakazi, nina ombi moja. Mkiona tangazo letu, tafuteni mambo manne: huduma ni ipi, inatolewa wapi, mwisho ni lini, na aulizwe nani. Likikosekana moja, mwambieni mtendaji siku hiyo hiyo. Hilo si kutukosoa kwa ubaya. Ni kutusaidia kabla mwingine hajapoteza nauli.

Nimalizie kwa wale akina mama. Katika awamu iliyofuata niliandika tangazo nje ya mtandao, nikalipeleka idarani likahakikiwa, nikalipiga chapa, na nakala ya kwanza nikaipeleka mwenyewe kwenye ubao wa kijiji chao. Yule mama aliisoma tarehe kwa sauti, mara mbili, akaniangalia. Tangu siku hiyo kila tarehe ninayoiandika huisoma mara mbili kama alivyofanya yeye.

Akiba haiozi, ndugu zangu.