MSHUBIRI NA NGOZI ZETU
Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi mjini Nyeri



Kila ufikapo mwezi wa Julai, ukungu ushukapo mlimani na kukaa kutwa juu ya Nyeri na Karatina, watoto wetu huenda shule na mashavu yaliyopauka na midomo iliyopasuka. Huko Naro Moru na Nanyuki upepo mkavu hufanya kazi iyo hiyo. Basi wazazi wengi hukimbilia mshubiri, wala hawakosei. Ila wengi hawajui ya kuwa jani lile lina vitu viwili, na kimoja si rafiki wa ngozi.

Ukilikata, kwanza hutoka utomvu wa njano, mchungu mno, ukaao chini kidogo ya ganda. Huo ndio shubiri yenyewe. Ndani zaidi mna ute mwangavu mfano wa ute wa yai, nao ndio wa kupaka. Utomvu wa njano huweza kuwasha ngozi, na ukinywewa huendesha tumbo kwa nguvu. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliziondoa madukani dawa za kuharisha zenye shubiri, kwa kuwa waliozitengeneza hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi, nilijipaka jani zima usoni, njano na yote, ili chunusi zitoke kabla ya siku ya wageni. Siku ya wageni nilishinda bwenini, uso umevimba.

Yapasa, basi, jani lisimamishwe bakulini, upande uliokatwa ukiwa chini, hata utomvu umalizike kuchuruzika. Kisha lioshwe, limenywe, ute utolewe. Jaribu kidogo mkononi, ungoje siku moja. Ute huo karibu wote ni maji, kwa hiyo hukauka upesi. Ukipaka mafuta kidogo juu yake, ngozi hukaa laini. Usiuweke mpaka kesho, maana huoza.

Neno zito zaidi ni habari ya moto. Mtoto akimwagikiwa chai, jirani wa kwanza huja na jani mkononi. Mama, usimkubalie. Kwanza ni maji safi ya baridi, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Ngozi ikiwa nyekundu tu, ute waweza kupakwa baadaye. Lakini ikiwa imetoka malengelenge au kuchunika, au ni usoni, au mtoto ni mchanga, funika kwa kitambaa safi umpeleke hospitali. Lolote lililopakwa hapo, mshubiri, siagi au dawa ya meno, litapaswa kuondolewa, na kuliondoa ni maumivu ya pili.

Tena, msing'oe mishubiri ya mwituni kule Laikipia. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku kuivuna, na kanuni za mwaka 2007 zikaruhusu biashara ya ile iliyopandwa shambani. Wala si yote iliyo dawa: ule wa Taita uitwao Aloe ballyi, unukao kama panya, una sumu. Afadhali kumwomba jirani chipukizi la Aloe vera, wenye majani manene, ambao asili yake ni Arabuni. Huota hata katika debe bovu kando ya mlango, mradi maji yasituame.