Dirisha Lisilokaa Wazi: Ugonjwa Wake na Dawa Yake



Katika nyumba nyingi za zamani za Uingereza yako madirisha yasiyofunguka kwa bawaba, bali kwa kupandishwa na kushushwa. Mtu wa Afrika ya Mashariki aendaye huko kwa masomo au kwa kazi, akapanga chumba katika nyumba ya namna hiyo, huenda akakuta kijiti kimewekwa kando ya dirisha. Akiuliza kijiti hicho ni cha kazi gani, ataambiwa kwamba dirisha halikai wazi, na bila kijiti litaanguka. Mazungumzo haya yanaeleza kwa nini dirisha huanguka, na jinsi ya kulitengeneza hata kijiti kisihitajiwe tena.

Kwanza ifahamike kwamba jambo hili si dogo. Dirisha hilo ni mbao na vioo, na uzito wake waweza kuwa kilo nane au kumi au zaidi. Kijiti kikiteleza, dirisha hushuka kwa ghafula kama panga. Mkono wa mtoto ukiwa kizingitini, vidole huvunjika. Wako watu ambao kwa kuogopa hatari hiyo hulipigilia dirisha misumari lisifunguke kamwe. Hao wamekimbia hatari moja na kuiendea nyingine, maana nyumba ikishika moto usiku, dirisha laweza kuwa ndiyo njia pekee ya kutokea.

Dirisha la namna hii lilianza kutumika Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 17. Lina vipande viwili vya mbao na vioo, kimoja juu na kimoja chini, navyo hupishana katika fremu. Kila kipande kimefungwa kamba mbili, moja kila upande. Kamba hupanda, hupita juu ya kapi dogo, kisha huingia ndani ya sanduku la mbao lililo kando ya fremu, na mwisho wake umefungwa chuma kizito. Kipande kikipanda, vyuma hushuka. Kikishuka, vyuma hupanda. Ni kama mizani ya dukani: pande mbili zikilingana, mizani hutulia. Basi si nguvu ya mtu inayolishika dirisha, bali ni vile vyuma visivyoonekana.

Kufichika kwa vyuma hivyo kuna historia yake. Mwaka 1666 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya London, na baadaye sheria zikatungwa kuzuia moto usirukie mbao za madirisha. Sheria ya mwaka 1709 iliagiza fremu zirudishwe ndani inchi 4 kutoka uso wa ukuta. Ile ya mwaka 1774 ikaagiza masanduku ya madirisha yafichwe nyuma ya matofali. Ndiyo maana mtu aweza kukaa miaka mingi katika nyumba asijue kwamba kuna chuma kinachoning'inia ndani ya ukuta wake.

Sasa, ugonjwa. Dirisha likienda upande au likikwama pembe moja, yamkini kamba moja imekatika. Likianguka moja kwa moja, huenda zote mbili zimekatika. Kamba za pamba huliwa na kapi mwaka hata mwaka, na zikipakwa rangi huwa kavu na kukatika upesi. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Lakini kamba zikiwa nzima na dirisha bado linashuka, itazamwe kama kioo kimebadilishwa. Kioo cha unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita moja ya mraba. Cha milimita 6 kina kilo 15. Fundi akitia kioo kinene asiongeze vyuma, mizani imeharibika, na kamba mpya hazitafaa kitu.

Kabla ya kazi, mpangaji imempasa kumwarifu mwenye nyumba. Kadhalika, rangi ya nyumba zilizojengwa kabla ya miaka ya 1960 yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi hiyo isisuguliwe kwa msasa mkavu, na watoto wakae mbali. Tena kazi hii yataka watu wawili, maana kipande ni kizito.

Kwanza, ng'oa taratibu kwa patasi pana zile papi za ndani zinazokizuia kipande cha chini, ukiwa umekwisha kukata rangi kwa kisu mahali papi zinapoungana na fremu. Vuta kipande ndani. Kamba ambayo haijakatika ishikwe kwa mkono na kuteremshwa polepole, chuma kisianguke kwa kishindo. Kama kipande cha juu nacho ni kibovu, ondoa papi nyembamba iliyo katikati ya vipande viwili, ndipo kitoke.

Pili, tafuta kibao kidogo kilichokatwa upande wa chini wa fremu. Hicho ndicho kifuniko cha sanduku. Kifungue, utoe chuma. Kipime chuma, ukipime na kipande pamoja na vioo vyake. Kwa kipande cha chini, vyuma viwili kwa jumla viwe vyepesi kidogo kuliko kipande, ili kikifungwa kitulie chini. Kwa kipande cha juu, viwe vizito kidogo, ili kikae juu.

Tatu, funga msumari mdogo kwenye uzi, uupitishe juu ya kapi uteremke hata kwenye tundu la sanduku. Funga kamba mpya kwenye uzi, uivute, kisha uifunge kwenye chuma kwa fundo imara. Kipande cha chini kikiwa kimefungwa, chuma chake kiwe karibu na kapi bila kuligusa. Kikipandishwa kabisa, chuma kisifike chini ya sanduku. Mwisho wa kamba upigiliwe katika mfuo wa ubavu wa kipande, lakini misumari iwe chini kiasi kwamba kipande kikiwa juu kabisa isifike kwenye kapi. Badilisha kamba zote kwa wakati mmoja, maana zilizozeeka pamoja hukatika karibu pamoja. Kapi litiwe mafuta, kamba zisipakwe rangi.

Madirisha mengine, hasa ya siku za karibu, hayana vyuma bali kamani. Kamani iliyokazwa yaweza kumjeruhi mtu. Heri aitwe fundi aijuaye.

Kazi ikiisha, pandisha dirisha nusu, uliachilie mkono ukiwa tayari kulidaka. Likikaa hapo lilipo, mizani imerudi. Hapo ndipo kijiti kitupwe, wala si kabla.