Maarifa ya Chama Yasikae Kichwani mwa Mtu Mmoja

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe huko Shighatini, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Jambo nililoagizwa kulieleza ni hili: je, yafaa chama chetu kikuu kitumie fedha za wakulima kumpeleka mtumishi wake akasomee usimamizi wa maarifa? Masomo hayo hutolewa siku hizi na vyuo vikuu kadhaa ulimwenguni kwa watu wenye shahada waliokwisha kushika kazi za biashara, na amalizaye hupewa cheti. Najua wako wajumbe wasemao kwamba fedha hizo zingenunua miche na mbolea. Hoja yao ni ya haki, nami sina budi kuijibu.

Kwanza tuelewane maana. Maarifa ya chama ni ya namna mbili. Yako yaliyoandikwa: masharti, daftari za hesabu na mihtasari ya mikutano. Tena yako yakaayo mikononi na vichwani mwa watu. Mama aliyezoea kuvundika kahawa hutia mkono tangini akazisugua punje. Zikipoteza utelezi na kukwaruza kama changarawe, hujua kwamba wakati wa kuziosha umefika. Saa ya ukutani haiwezi kumwambia hayo, maana baridi na joto la mlimani hubadili muda wa kazi hiyo. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Japani, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walitoa kitabu kilichoeleza jinsi makampuni ya kwao yalivyogeuza ujuzi wa namna hiyo ukawa mali ya kampuni nzima. Hilo ndilo somo lenyewe.

Kwetu Upare jambo hili si geni. Washana wa Ugweno walisifika kwa kufua chuma, na elimu ya kazi ile ilikaa ndani ya ukoo. Lakini ndiva zetu, zinazokusanya maji ya kumwagilia mashamba, zilitengenezwa kwa msaragambo. Kijana aliyebeba udongo na mawe aliona kwa macho yake jinsi ukingo unavyozibwa na maji yanavyogawanywa kwa zamu. Siri ya ukoo huupa ukoo nguvu. Chama cha ushirika si ukoo. Hakina budi kufuata mfano wa ndiva.

Tazameni sasa hatari iliyopo. Karani mmoja ndiye ajuaye kwa nini makato ya msimu fulani yalikuwa makubwa, na mnunuzi yupi hulipa kwa wakati. Siku akiondoka, mkulima akija kuuliza, atajibiwa na nani? Nasi si watu wa kunyamaza mbele ya tarakimu zisizoelezwa. Mwaka 1945, katika mgogoro wa mbiru, maelfu ya Wapare walishuka Same kuipinga kodi ambayo namna ya kuikadiria hawakuiona kuwa ya haki. Wajukuu wa watu wale hawataridhika na jibu la kwamba aliyejua amekwisha kustaafu.

Taifa zima lilipata funzo la namna hiyo. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu kuundwa tena. Mizani huweza kununuliwa upya na ghala kujengwa upya. Lakini uzoefu wa makatibu na wahasibu waliotawanyika hauuzwi dukani.

Elimu ni nguzo ya ushirika tangu mwanzo. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, baadaye walitenga sehemu ya faida yao kwa ajili ya elimu. Hapa jirani, Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa mwaka 1963, na tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Kwa hiyo mtumishi wetu si lazima avuke bahari ili apate walimu wa kumwongoza.

Basi jibu langu ni hili: tumpeleke, lakini kwa masharti manne. Kwanza, achaguliwe kwa kazi aliyokwisha kuifanya, si kwa jina la baba yake. Pili, kabla ya kuondoka aandike kwa Kiswahili kinachoeleweka jinsi kazi yake inavyofanywa, na mwingine aifanye kwa kufuata maandishi hayo naye akiwapo. Tatu, akirudi, azungukie vyama vya msingi, aketi na wakulima hodari, ayaandike wanayoyajua kwa idhini yao, na nakala ibaki katika kila chama. Nne, afundishe wenzake watatu kabla hajapandishwa cheo.

Masharti haya yakikubaliwa, ada itakayolipwa itakuwa mbegu, na mavuno yake yatakuwa ya wanachama wote. Yakikataliwa, cheti kitatundikwa ukutani mwa mtu mmoja, nami nitaungana na wale wasemao tununue miche.

Uamuzi ni wenu, Waheshimiwa Wajumbe.