Alitoka gerezani, akapanda ku kiti, akakatala kushuka



Mimi siko mwanapolitike. Niko na diplome ya universite, na ile diplome inalala ndani ya farde miaka mbili sasa. Lakini leo sikukuja kulilia kazi. Nimekuja kuungama kitu.

Tarehe 5/9/2021, nilikuwa ningali mwanafunzi. Tuliona mu simu video ya Raisi wa Guinée, Alpha Condé, ameketi ku fotei, shati wazi, miguu bila viatu, maaskari wamemuzunguka. Mimi nilipiga makofi. Nilituma ile video mu magrupe yote. Leo nataka niwaambie sababu gani sipigi tena.

Alpha Condé alizaliwa Boké mwaka 1938. Alienda Ufaransa angali kijana, akasoma kule, akaongoza shirika la wanafunzi weusi wa Afrika, FEANF, akafundisha universite Paris. Wakati wa Sékou Touré, walimuhukumu kifo akiwa mbali. Sikilizeni vizuri: kifo, juu ya mawazo yake. Alirudi kwao mwaka 1991. Akagombea mwaka 1993, Lansana Conté akatangazwa mushindi. Akagombea tena mwaka 1998, na mbele kura zimalizwe kuhesabiwa, wakamukamata. Mwaka 2000 wakamupa miaka tano ya gereza. Alitoka mwaka 2001 kwa musamaha.

Na mwaka ule ule wa 2001, Conté aliita watu ku referandumu, akatosha ndani ya katiba kizuizi cha manda, ili abakie. Alibakia paka kifo, mwaka 2008. Condé aliona ile mambo na macho yake. Aliipigania. Alijua uchungu wake.

Mwaka 2010 zamu yake ikafika. Ku duru ya kwanza alipata asilimia 18, Cellou Dalein Diallo alipata 43. Ku duru ya pili Condé akapita na asilimia 52. Watu wakasema: huyu njo wetu, ameteseka, ametoka gerezani, hawezi kututesa. Wandugu, hiyo maneno si tunaisikia hata hapa kwetu kila siku? "Huyu aliteseka mu upinzani, tumuaminie."

Katiba ya 2010 ilisema manda mbili tu, na haiwezekani kugusa ile hesabu. Sasa Condé alifanya nini? Hakugusa. Alileta katiba mupya muzima. Tarehe 22/3/2020 wakapigia kura ile katiba. Nayo ilisema vilevile manda mbili! Lakini walisema katiba ni mupya, basi hesabu inaanzia zero. Manda ikatoka miaka tano, ikawa miaka sita. Oktoba ile ile, akiwa na miaka 82, akachukua manda ya tatu. Vijana waliokatala walijipanga mu FNDC, wakashuka ku barabara ya Conakry. Watu makumi waliuawa. Wengine wakafungwa, na aliyewafunga ni mutu aliyelala gerezani yeye mwenyewe.

Njo maana siku ya video nilifurahi. Nani angelia?

Lakini angalieni ni nani alimutosha. Ni Koloneli Mamady Doumbouya, mukubwa wa kikosi maalumu kilichoundwa wakati wa Condé mwenyewe. Nani alivunja FNDC mwaka 2022? Ni serkali ya wale wanajeshi tuliowapigia makofi. Na Julai 2024, viongozi mbili wa FNDC, Foniké Menguè na Billo Bah, walichukuliwa Conakry na watu wenye silaha. Miezi na miezi ikapita, familia hazikuambiwa wako wapi. Ni vijana wale wale waliokatala manda ya tatu. Walipigana na Condé, Condé akaanguka, na wao wakapotea.

Mimi nilituma video. Wao walilipa.

Nawaambia hii juu hapa Kongo nako wimbo wa kubadilisha katiba umeanza kuimbwa. Kipengele cha 220 kinakataza kugusa hesabu ya manda ya Raisi. Watu walikufa mu barabara yetu juu ya ile hesabu, wakati wa Kabila. Kesho mutu atakuja kutuambia: "Hatuguse 220, tunaandika katiba mupya." Sasa munajua ile njia inapita wapi. Ilipitia Conakry.

Na mutu mwingine atakuja kutuambia: "Acheni maaskari waje wasafishe." Hiyo nayo munajua sasa.

Nimejifunza kitu kimoja. Mateso ya mutu si garanti. Gereza haimufanyi mutu kuwa mwema, inaonesha tu kwamba waliomufunga walikuwa wabaya. Tusimufuate mutu juu aliteseka. Tumuulize atatoka lini ku kiti, na tukumbuke jibu lake. Hata kama ni rafiki yetu. Hata kama siku moja ni mumoja wetu, hapa ndani ya hii sale.

Ukitoka hapa, tafuta kipengele cha 220, kisome, kisomee mama yako mu Kiswahili. Ni maneno kidogo.